Waseneka Hawakupotea

Wasikilizaji wapendwa, leo sina maneno matamu. Nisiwafiche, nimekasirika.

Tumemzika Mwalimu Atupele Mwaipopo. Mwalimu Atupele, mzaliwa wa Tukuyu, mkazi wa Glenwood hapa Durban, mhadhiri wa historia katika chuo kimoja mjini. Presha ilimwangusha akiwa darasani, hakuamka tena.

Mwalimu alitafiti habari za Waseneka. Narudia, Waseneka, wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Siku alipozungumza nasi kwenye ukumbi wa kanisa, mshereheshaji alimtambulisha kuwa bingwa wa Wahindi Wekundu. Mama mmoja akauliza kama ni hawa Wahindi wa mtaa wa Sydenham, hapa hapa Durban. Tulicheka mpaka basi. Yeye hakucheka. Alisema watu hao wana jina lao, na maana yake ni watu wa kilima kikubwa.

Akatusimulia habari ya sufuria. Wazungu walikuja na sufuria za shaba. Waseneka wakazinunua, wakapikia. Zilipotoboka, wakazikata, wakatengeneza ncha za mishale na mapambo. Kitu cha mgeni wakakifanya chao. Baadaye walinyang'anywa ardhi, wakabakiwa na vipande. Lakini wapo. Hadi leo wapo, na baraza lao wanalo.

Ugomvi ulianzia hapo. Mwalimu aliomba somo la Waseneka lifundishwe chuoni. Wakubwa wa idara wakakubali kwa sharti moja, liitwe "Kabila Lililopotea". Akakataa. Wakamzungusha, njoo kesho, njoo kesho. Mdogo wake Gwamaka, aliyekuwa akiishi naye, alimsihi akubali tu hilo jina, yaishe.

Dada yake akamjibu, "Gwamaka, nitafundishaje matanga ya watu walio hai?"

Sasa sikilizeni. Juzi, kaburi hata halijakauka, idara imetangaza kwamba itamuenzi. Somo litaanza, kwa kumbukumbu ya Mwalimu Atupele. Na litaitwa Kabila Lililopotea. Jamani, hii ni haki?

Gwamaka alikwenda kuwaomba waliondoe jina la dada yake kwenye somo hilo. Wakamwambia tangazo limeshatoka. Akanipigia simu analia.

"Eish, kaka. Alivyokuwa anasema hawakumsikiliza. Amenyamaza, ndiyo wanamsemea."

Pole, Gwamaka. Pole, mama, kule Tukuyu. Poleni wanafunzi wake.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Kabla hujasimama kumsifu marehemu, ulizia kwanza alikataa nini alipokuwa hai. Mwalimu Atupele alilikataa jina hilo. Alilikataa mbele yao, na walimsikia.