Mzee Rehani bin Mikidadi Aondoka Barazani

Leo, tarehe 30 Juni 1911, Mzee Rehani bin Mikidadi anaondoka barazani baada ya kulitumikia kwa miaka kumi na tano. Wengi wetu bomani tulimkuta, na hakuna aliyetarajia kumuaga kwa namna hii.

Mzee Rehani ni mzaliwa wa Morogoro. Ujanani alichuuza nguo na chumvi katika vijiji vya Uluguru, akajuana na watu wa mjini na wa milimani. Boma lilipotafuta wazee wanne wa kukaa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yeye alikuwa miongoni mwa walioitwa. Hukumu ni ya Mdachi huyo, lakini kwa desturi ya hapa hahukumu kabla ya kuwasikia wazee.

Alikuwa na mambo yake. Mtu aliyeteremka kutoka milimani hakuruhusiwa kusema mpaka apewe maji na kupumzika kidogo, kwani mwenye kiu, alivyotueleza, hukubali lolote ili amalize. Masika moja mto ulimchukulia kofia. Akaja akakaa barazani amejifunga kichwani kanga ya mkewe, Bi Chausiku, na kesi zikaendelea. Aliyecheka ni Bwana Shauri peke yake. Sisi wengine hatukuthubutu.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa kesi ya Kasiani. Mwaka 1908 jumbe wa kijiji kimoja cha milimani alifariki. Kwa Waluguru, ukoo ndio unaochagua mkubwa wake, na kina mama wa ukoo wana neno. Walimchagua Kasiani, mkulima Mkristo asiye na maneno mengi. Akida Mosi, aliyesimamia sehemu ile kwa niaba ya serikali, akamweka shemeji yake, kisha akaja bomani kueleza kwamba ukoo umeridhika. Wazee watatu, wenzake Rehani, walikuwa wamekwisha kula wali nyumbani kwa akida. Wakasema hawana la kuongeza. Rehani akasema yeye analo. Akaomba aitwe Mama Paskalia, dada yake Kasiani na mkubwa wa kina mama wa ukoo.

“Mlimkubali jumbe huyu?” Rehani alimuuliza mama yule alipokwisha kunywa maji.

“Hatukuulizwa, baba. Tuliamka tukamkuta amekaa.”

Akida alisema mambo ya serikali hayawahusu wanawake. Rehani akamgeukia Bwana Shauri.

“Bwana, ukitaka kumweka mtu wako, mweke, askari unao. Lakini isisemwe kwamba wamemchagua wao.”

Bwana Shauri akaamuru ukoo ukutane upya mbele ya mtu wa boma. Nilitumwa mimi, na kwa macho yangu nilimwona Kasiani akichaguliwa mchana kweupe.

Alikuwa jumbe mwema. Boma lilipotaka watu wa kazi ya barabara, alikaa kwanza na ukoo, wakapanga zamu, na watu wakaja. Januari mwaka huu, Bwana Shauri akiwa likizoni Ulaya, Akida Mosi alidai watu kwa mara ya pili, katikati ya palizi. Kasiani akaomba jambo hilo lisikilizwe barazani. Akaitwa mkaidi, akafungwa mnyororo, akapelekwa barabarani bila kesi.

Rehani aliwazungukia wenzake nyumba kwa nyumba. “Tusikae barazani mpaka aletwe,” aliwaambia. “Tukikaa na hili limetupita, sisi ni mapambo tu.” Mzee Ahmadi alikubali. Wale wawili wakasema wana watoto wa kulea. Basi baraza likakaa na wazee wawili, na kaimu mkuu akaona wanatosha. Kasiani alikufa kwa homa kabla ya Pasaka, mnyororo ukiwa bado shingoni.

Rehani na Ahmadi walipanda mlima kwenda kuzika. Mama Paskalia aliwapokea, akawaandalia mahali pa kukaa, kisha akamwambia Rehani, “Baba, ulituambia tuseme. Tukasema.” Rehani alikaa msibani mpaka matanga yakaondolewa.

Bwana Shauri aliporudi mwezi wa Mei, wazee hao wawili walimweleza yote mbele ya watu. Safari hii wale wengine wawili nao walisimama, mmoja akilia. Akida Mosi aliondolewa kazini, na amri ikatoka kwamba asifungwe mtu yeyote kabla ya kuletwa barazani. Ni amri nzuri. Sote tunajua imepatikana kwa bei gani.

Rehani aliombwa arudi kitini pake, akakataa. “Mtafuteni mtu ambaye watu wa milimani hawajamwamini wakapoteza,” alisema. Akaomba jambo moja tu: mrithi wake atajwe na watu wa mji wenyewe, si na boma. Limekubaliwa, na kesho wanakutana.

Mzee Rehani, tunakushukuru kwa miaka yote uliyokaa, na kwa siku zile ulizokataa kukaa. Nenda nyumbani salama, wewe na Bi Chausiku. Mungu akupe afya na usingizi mwema, na siku utakapopanda tena mlima, akujalie upokelewe.