Ilikuwa Inalipa, Bajaji ya Dastan

Kijiwe chetu kiko Kinyanambo, hapa Mafinga, kati ya karakana yangu ya vitanda na mashine ya kupasulia mbao. Benchi lenyewe ni banzi refu la mpaina lililolazwa juu ya magogo mawili, na kila anayekaa huondoka na utomvu kwenye suruali. Asubuhi ya ukungu hakuna anayeshika kazi kabla ya kikombe cha Atuganile, mama wa Tukuyu ambaye kahawa yake ni kali, ila ulimi wake ni mkali zaidi. Wateja wake wa kudumu, ukiniacha mimi, ni watatu. Aroni, dereva wa lori la mbao, tunamwita Dizeli. Adrian, fundi umeme wa majumbani, ni Fyuzi. Na Maganga, Msukuma ambaye baba yake alihamia Usangu na ng'ombe, mwenyewe siku hizi anauza maziwa hapa mjini, huyo ni Waziri, kwa sababu hakuna siri ya serikali asiyoijua.

Asubuhi hiyo hatujafika hata nusu kikombe, tukaona bajaji ya Dastan inatokea kwenye ukungu. Ile ya kijani, ya umeme, ya kwanza kuingia mji huu. Ilikuwa inavutwa kwa kamba na bodaboda. Dastan amekaa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama ana abiria.

— Mwe! Anaipeleka wapi? — Atuganile akauliza.

— Kwa watu wa chuma chakavu, — Fyuzi akasema kwa sauti ya chini. — Aliniambia jana.

Walipofika usawa wetu bodaboda ikakohoa, ikazima. Dereva wake akatikisa tangi, akasikiliza, akafungua kamba. Akasema anaenda kutafuta petroli ya kwenye chupa, anarudi sasa hivi. Kwa hiyo Dastan ilibidi ashuke.

— Kamwene, — akatusalimia.

Tukamwitikia, tukasogea, akakaa. Atuganile akampa kikombe bila kuulizwa. Ingekuwa vizuri kama tungenyamaza hapo. Lakini Dizeli hajui kunyamaza.

— Nilisema mimi. Gari isiyotoa moshi haina roho.

— Roho gani wewe? — Fyuzi akamrukia. — Mafuta yalipopanda lori lako si lilisimama pale stendi ya malori mpaka kuku wakataga chini yake? Roho ilikuwa imesafiri?

— Lilisimama, lakini limeondoka. Hiyo ya kwake itaondoka?

— Kosa si la umeme, Dizeli.

— Sasa la nani? La ukungu?

Dastan akaweka kikombe chini.

— Ilikuwa inalipa, — akasema. — Nasema mbele yenu wote. Msije mkaenda kumwambia mtu kwamba ilikuwa hailipi. Ilikuwa inalipa!

Tukamwangalia. Hatukuwa tumewahi kumsikia akipandisha sauti.

— Wenzangu wa petroli jioni walikuwa wanapeleka nusu ya jasho lao sheli, — akaendelea. — Mimi nalala na changu. Haina oili, haina plagi, haina fundi wa kuniambia kabureta imekufa. Kweli, mwezi wa saba kwenye baridi ilikuwa inachoka mapema, na kilima cha Changarawe nilikuwa nashusha abiria mmoja atembee. Ila hesabu ilikuwa inakubali. Ndiyo inayoniuma. Ingekuwa mbovu ningeitukana, nikalala.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kampuni iliyoleta zile bajaji ilikuwa na utaratibu wake: bajaji unanunua, betri unakodi. Asubuhi unapita kwenye kituo chao, unaacha betri iliyoisha, unapewa iliyojaa, unaondoka. Dakika chache tu. Kituo kilikuwa jirani na soko, kimepakwa rangi nyeupe, na dada mmoja ndani anakuita bosi. Dastan alikuwa wa kwanza, wakamfuata wengine wachache. Sisi wenyewe tulikuwa tukiipanda ile bajaji kwa sifa, maana haikuwa na kelele. Mlikuwa mnasikilizana mpaka mnashuka.

— Sasa ilikuwaje siku ile? — Waziri akauliza. Alikuwa anajua, sote tulikuwa tunajua, lakini Waziri anapenda kusikia kitu kwa mwenyewe.

— Nimepakia walimu wawili, — Dastan akasema. — Betri imejaa, nimeitoa kituoni jana yake jioni. Katikati ya barabara ikazima. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu: huduma imesitishwa. Basi. Walimu wakashuka, mmoja akacheka. Nikaisukuma mpaka kituoni. Mlango umefungwa, kibao kimeng'olewa. Nje amekaa mlinzi, na yeye anawasubiri haohao wamlipe mshahara. Nikaenda Iringa kwenye ofisi kubwa, nikakuta wanauza nywele za bandia. Nimepiga simu mpaka namba yao naiota. Siku moja akapokea mtu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kampuni imenunuliwa na kampuni nyingine, na hao wapya hawana mpango na miji midogo. Nikamuuliza, na betri? Akasema imefungwa kwa usalama wake.

— Usalama wa nani? — Atuganile akauliza.

— Wa betri, mama.

Fyuzi akatikisa kichwa.

— Mimi niliijaribu. Nilileta paneli zangu za sola nikaifunga pale uani kwake. Haipokei. Nikaipima. Jamani, ile betri ina chaji! Umeme umo humo ndani mpaka leo, umetulia tu. Lakini kuna kompyuta ndogo imekaa mlangoni, na mwenye ufunguo yuko nchi nyingine. Nikajaribu kuizunguka hiyo kompyuta, moshi ukaanza kutoka, nikaacha. Ningechoma nyumba ya watu.

— Watu wa petroli hao, — Dizeli akasema. — Wameinunua ile kampuni ili waiue. Kaeni mfikirie. Bajaji zote zikinywa umeme, meli za mafuta zitaleta nini? Maji? Wamelipa, wamefunga, wanakunywa bia.

— Unawatetea watu wa umeme leo? — Fyuzi akamuuliza.

— Siwatetei. Nasema tu nani kafanya.

— Mnaona karibu sana nyie, — Waziri akasema. Akavuta koti lake, na sisi tukajua anapanda jukwaani. — Ng'wanawane, mwanangu, ile betri ilikuwa inawasiliana na setilaiti. Kila alipopita Dastan, wanajua. Alipopakia, wanajua. Walikuwa wanajifunza. Sasa wamemaliza kujifunza. Zile hereni za utambuzi walizowavika ng'ombe wetu mnadhani ni urembo? Siku moja nitakaa kukamua asubuhi, chuchu imekauka, naangalia kwenye sikio la ng'ombe: huduma imesitishwa.

Hata mimi nilicheka. Dizeli alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini.

— Na jua nalo, — Waziri akaendelea, maana akichekewa hashikiki. — Fyuzi, wewe na sola zako. Hizo paneli na zenyewe si zina kijikompyuta? Watazifunga zote. Halafu watasema jua linalopiga bati lako ni la kukodi, ukilitaka uanike mahindi ulipie.

— Na kivuli bure? — Dizeli akauliza.

— Kivuli ndiyo kifurushi cha usiku!

Tulikuwa tunacheka wote pale benchini, Atuganile ameshika birika anatikisika mabega, ndipo nikaona Dastan hacheki. Alikuwa anaangalia barabarani. Lori lilikuwa linapita limejaa magogo, mipaina myembamba, ile inayokatwa kabla ya wakati.

Kicheko kikatuishia.

Maana hilo nalo tulikuwa tunalijua. Baba yao Dastan alipofariki aliacha shamba moja la mipaina, upande wa kwenda Sadani, kwa watoto wake wawili, Dastan na dada yake Eveline. Alikuwa ameipanda mwenyewe kwa jembe la mkono huku kifua kinamsumbua. Miti ilikuwa bado michanga, imefika unene wa paja tu. Eveline alitaka wangoje. Alikuwa ameachika, ana watoto, na miti ile ndiyo ilikuwa nyumba yake ya baadaye. Alishaijenga kichwani, vyumba na baraza. Dastan ndiye aliyemshawishi wauze ikiwa imesimama, wanunue bajaji.

— Nilimwambia, dada, miti inakua polepole, bajaji inaleta kila jioni, — Dastan akasema, kama aliyesikia ninachowaza. — Nikamwambia petroli itazidi kupanda, na jua na maporomoko ya maji hayapandi bei. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeuliza, sikukurupuka. Akaniamini. Kila Jumamosi nilikuwa nampelekea fungu lake mkononi, na kila Jumamosi ananipikia. Nikafika mahali naona aibu nilivyokuwa na akili.

— Na sasa? — nikamuuliza.

— Sasa ananisalimia vizuri tu. Kama anavyomsalimia mtu wa kupita. Hajanitukana hata siku moja. Amekodi kipande cha ardhi kule bondeni, anaotesha miche upya. Ana miaka arobaini na kitu, anapanda mpaina leo. Nilienda kumsaidia kuchimba mashimo, akanipokonya jembe, akasema, pumzika mdogo wangu, una mambo mengi.

Atuganile akamwongezea kahawa, kidogo, kwa sababu birika lilikuwa linaelekea mwisho.

— Hao wa chuma wanakupaje? — Dizeli akauliza, safari hii kwa sauti ya mtu mzima.

— Kwa kilo. Betri hawataki. Wanasema si yangu, wasije wakashikwa na mali ya kampuni.

— Utaipeleka wapi?

— Itakaa chumbani. Nitafanyaje? Siwezi kuiuza, siwezi kuifungua, na siku wakikumbuka wataniuliza iko wapi.

— Kaka, usiuze mwili wa bajaji, — Fyuzi akamwambia. — Ngoja. Kuna siku zitakuja betri za wazi, za kununua ikawa yako, mtu anachaji kwake kama simu. Hesabu inakubali, umesema mwenyewe.

— Lini?

— Zitakuja.

— Nimekuuliza lini, Fyuzi. Watoto wanakula lini?

Fyuzi akainama, akaanza kubandua utomvu kwenye kiatu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mgeni. Alikuwa amevaa sweta zito na kitenge juu yake, ana begi dogo la mkononi, anatoka upande wa stendi. Akatuamkia kwa adabu. Akasema anaitwa Prisca, ametoka Kilolo, ameshuka kwenye basi sasa hivi.

— Samahani, kaka zangu. Nimeambiwa Mafinga ndiko zilikoanzia hizi bajaji za umeme. Iringa wamekuja watu, kampuni nyingine mpya, wanatugawia karatasi. Nikasema kabla sijaingiza mguu niende nikawaone waliotangulia. Na naona Mungu amenionesha, hii si ndiyo yenyewe?

Akaishika ile bajaji ya kijani kwenye bega, akaipapasa.

Dastan akasimama. Akamweleza yote, taratibu, bila kuongeza chumvi. Kwamba inalipa. Kwamba haili mafuta. Kwamba ilimzimikia barabarani imejaa chaji. Kwamba aulize kwanza betri ni ya nani, na kampuni ikifa nani atabaki na ufunguo.

— Niliuliza, — Prisca akasema. — Wakasema betri ni ya kwao, nisiwe na wasiwasi.

— Basi usichukue, dada yangu. Usichukue!

Prisca akaitika kwa kichwa. Akageuka kwetu.

— Kwa hiyo nichukue ya petroli?

Sote tukamwangalia Dizeli. Huyo ndiye mwenye mafuta, muda wote alikuwa anayatetea. Dizeli akafungua mdomo. Nadhani alifikiria bei aliyoikuta sheli asubuhi ile, na lile lori ambalo si lake, na bosi anayemkata mshahara kila mafuta yakipanda.

— Hiyo ya petroli, dada... — akasema, akaishia hapo.

— Mimi ni mjane, — Prisca akasema, kama aliyedhani hatujamwelewa. — Nina kishamba cha viazi. Mwanangu wa kwanza amekosa kazi, ndiye atakayeendesha. Mnunuzi wa shamba nimeshampata, keshokutwa tunaandikishana kwa mtendaji wa kijiji. Siwezi kukaa na hela ndani, itaisha kwa matibabu na misiba. Lazima niiweke kwenye kitu. Sasa ya umeme mnasema hapana. Ya petroli mnanyamaza. Ninunue nini?

Waziri, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa jibu, alikuwa anaangalia vidole vyake. Fyuzi alimtazama Dastan. Dastan alitazama chini. Mimi nilitaka kumwambia asiuze shamba, lakini angeniuliza mwanawe ale nini, na sikuwa nalo hilo jibu pia.

Atuganile akainamisha birika juu ya kikombe safi ampe mgeni. Likatoa matone mawili matatu meusi ya machicha.

— Samahani mama, — akasema. — Imekwisha.

— Haina neno, — Prisca akajibu.

Dereva wa bodaboda alikuwa anarudi, chupa ya petroli mkononi. Tukasogea, Prisca akaweka begi miguuni akakaa kati yetu, akawa anatuangalia mmoja mmoja, anangoja.