Fundi Afundishwa Kula Steki

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na duka la kinyozi, na alilitengeneza Fundi mwenyewe, seremala wa mtaa, kwa mabaki ya mbao za mlango. Ikifika saa nane tunakaa hapo wanne: mimi na sindano yangu, Fundi, Waziri, ambaye ndiye kinyozi na hajui kuongea bila kutoa tamko, na Breki, dereva mstaafu aliyewahi kuendesha gari la hoteli kubwa. Shangazi muuza kahawa hakai, anasimama na birika lake, ila maneno yake yanatosha watu wawili. Siku hiyo hatukuwa na habari nyingine. Binti wa Fundi alikuwa amefanywa mpishi mkuu katika mgahawa wa steki wa hoteli hiyohiyo, na jioni wakubwa wake walikuwa wanamwandalia karamu. Baba na mama wamealikwa, meza ya mbele. Mama alishakwenda kusuka nywele tangu asubuhi. Fundi alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na alikuwa amesahau kukinywa.

— Kula siogopi, alisema. Naogopa kumwaibisha mtoto. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kuitwa mkuu. Nikiboronga pale mbele, si watauliza huyu katoka kwa watu gani?

Tukamwambia atulie, amefika kwa wenyewe. Ukweli ni kwamba furaha ilikuwa imetupanda kichwani. Mtoto aliyejifunza kutembea kwa kushikilia benchi hili leo anaamuru jiko zima, nani angekaa kimya?

BREKI: Kisu na uma si tatizo. Tatizo ni swali. Mhudumu atainama, atakuuliza, mzee, nyama yako iive vipi? Hapo ndipo watu wanapoangukia.

FUNDI: Kwani nyama inaiva vipi zaidi ya kuiva?

BREKI: Ziko namna tatu. Damudamu, nusu, na iliyoiva kabisa. Ukisema iive kabisa, wanajua wewe ni mgeni wa mambo.

FUNDI: Na nikisema damudamu?

BREKI: Wanakuletea.

Hilo lilitutia baridi kidogo. Waziri ndiye aliyetuokoa.

WAZIRI: Aseme nusu. Wahenga walishamaliza: heri nusu shari kuliko shari kamili.

SHANGAZI: Hiyo walisemea ugomvi, kinyozi. Hawakusemea nyama.

WAZIRI: Nyama nusu ni ugomvi, Shangazi. Ugomvi wa tumboni.

Breki akasema nusu nayo ni mtego. Kwa maelezo yake, jibu la mgeni huandikwa kwenye faili na kupelekwa kwa meneja kabla nyama haijagusa moto. Nikamuuliza aliliona wapi hilo faili, maana tunavyojua yeye alikuwa anawasubiri wageni nje, kwenye maegesho. Akajibu kwamba aliye nje ndiye anayeona ndani vizuri. Waziri akadakia: faili ni dogo, jambo lenyewe ni ukoo. Wakubwa wale wakisikia jibu lako tu wanajua babu yako alikuwa anafuga au alikuwa anawinda. Shangazi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anatucheka, akasema ndiyo maana kila meza ina ua, mle kwenye ua mna kamera, na inahesabu umetafuna mara ngapi.

FUNDI: Mara ngapi zinatakiwa?

SHANGAZI: Thelathini na mbili. Kila jino na zamu yake.

FUNDI: Mimi ninayo ishirini na sita.

WAZIRI: Basi sita utajazia kwa maji.

Nikaona maneno yamezidi vitendo. Nikatoa kipande cha ngozi ya soli, kinene kama kiganja, nikakiweka juu ya mfuniko wa kopo la gundi, nikampa Fundi kisu changu na msumari mrefu uwe uma. Tukamzunguka. Fundi akakitazama kile kipande kwa makini, akachomoa penseli sikioni, akapima kwa vidole na kuchora mistari mitatu iliyonyooka. Kisha akakata juu ya mistari, akapuliza vumbi, akapitisha kidole ukingoni kuona kama pamekaa sawa.

— Usipulize nyama ya watu, Breki alimwambia kwa huzuni.

Tulikuwa tunacheka mpaka Waziri ameegemea ukuta, binti mwenyewe alipotokea. Alikuwa na koti jeupe la jikoni, mikono ameikunja, anatembea upesi kama mtu aliyeacha kitu motoni. Alitusalimia wote, shikamoo zikapita benchi zima, akamwinamia baba yake.

— Baba, ninyi wawili nawapikia mwenyewe, sitaki mtu mwingine awaguse. Mama ameshaniambia yake. Wewe unapenda nyama yako iive vipi?

Fundi akamtazama Breki. Breki akamtazama Waziri, na Waziri akaanza kukagua mkasi wake. Majibu tuliyompa yalikuwa ya kumpa mhudumu. Lakini anapenda vipi? Miaka yote hiyo tumekaa bega kwa bega, na hakuna aliyejua.

— Ya kwangu umemuuliza mama yako? alisema Fundi.

— Nimemuuliza. Kasema ya kwako hata yeye haijui.

Fundi akaweka kisu chini. Alikuwa anatabasamu, ila macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyaficha.

— Sijui, mama, alisema. Kipande changu nilikuwa nakupa wewe.

Binti alimshika baba yake bega, akalibana.

— Basi leo nitakupikia vipande vitatu, kila namna kimoja, na nitasimama mlangoni mwa jiko mpaka nione umekula vyote mwenyewe.

Akarudi kazini karibu kwa mbio. Fundi akainuka akaenda kuoga, ingawa karamu ilikuwa saa moja jioni na saa kumi ilikuwa bado.