Besi la Gharibu na Kafi la Nassibu

Asalaam aleikum, waombolezaji. Mimi ni Mwantumu Hemedy, dada wa marehemu, tumbo moja, na kabla sijasoma nataka ijulikane kwamba kazi hii sikuiomba, nyumba imejaa watu wenye shahada na makoti, lakini wamenisukumia mimi bibi wa darasa la pili na kisomo cha watu wazima, eti ndiye pekee niliyebaki ninayemjua tangu utotoni, kana kwamba kuchelewa kufa nako ni ujuzi. Mjukuu wangu Yasmin alikwisha kuniandikia karatasi nzuri, imepigwa chapa, inasema marehemu alikuwa mcheshi na mpole kwa kila mtu, nikamrudishia, nikamwambia, mama, huyo simjui, huyo mtafutie kaburi lake. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono wangu, na mkiona nasitasita ni macho, si machozi.

Marehemu Gharibu Hemedy Salumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Mbuchi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hemedy Salumu, mkata mikoko, na bibi Binti Seleman, mlima mpunga, alizaliwa maji ya bamvua yamefika kizingitini, mkunga kafunga kanga juu ya magoti, na nadhani ndiyo maana tangu siku hiyo hakupatana na unyevu, jambo la taabu kwa mtu wa delta, ambako hata chumvi inalia ndani ya kopo.

Alianza shule ya msingi Mbuchi mwaka 1961, akamalizia darasa la saba Kibiti mwaka 1967, Kurani alihitimu akiwa na miaka kumi na miwili, na shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa yule wa katikati ambaye mwalimu anamsahau jina, isipokuwa alikuwa na vidole virefu mno, marehemu baba akisema vidole hivi Mungu kaviumba vya kuchokoa kaa, na kaa hakuwachokoa hata siku moja.

Mwaka 1970 alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi katika karakana ya samani Temeke, na mwaka 1973 akachukuliwa na bendi ya Mikoko Jazi, si kwa kuwa alijua muziki, bali mpiga besi wao aliugua na kiongozi alipoona vile vidole akasema, wewe, shika hili. Akashika, na hakuliachia tena. Hilo ndilo besi mnaloliona limetundikwa pale ukutani, limetengenezwa Ujapani mwaka 1967, rangi yake damu ya mzee, nyeusi pembeni, nyuzi nne, zito kama mtoto wa miaka miwili. Wakati ule halikuwa lake, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mpigaji alikuwa kama dereva wa gari la mtu.

Bendi ilivunjika mwezi wa Agosti 1983, mwenye vyombo akawaambia wanamuziki, chukueni, vinanijazia nyumba, wenzake wakakimbilia tarumbeta na gitaa la solo, Gharibu akachukua besi, nao wakamcheka, kwamba ukilipiga peke yako hata mbuzi hageuki. Mimi mwenyewe nilimuuliza faida yake nini, akanijibu, dada, umewahi kuiona chumvi sufuriani? Nikaenda kuonja mchuzi wangu, na siku hiyo haukuwa nayo.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978 na bibi Faudhia Seleman wa Dimani, ambaye sasa yuko ndani ameanza eda, na Mungu akawajalia watoto watatu, Warda, Abdalah na Mwajabu. Faudhia alijua anaolewa na mwanamuziki, hakujua anaolewa uke-wenza. Waliporudi Mbuchi mwaka 1984 kulima mpunga na kutengeneza redio za watu, besi lilipewa chumba kikavu na watoto wakalala sebuleni, lilivalishwa foronya, pembeni likawekewa kifuko cha mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu, likafutwa kila Ijumaa kwa kipande cha kanga kuukuu, tena kanga zangu, na kwa kuwa nyuzi mpya hazikupatikana hata Dar, alizivua zile za zamani na kuzichemsha ili mafuta ya vidole yatoke zilie upya. Faudhia alikuwa akisimama uani na kuwatangazia majirani, njooni mle, leo mume wangu kanipikia waya! Na kweli zikitoka sufuriani zilikuwa zinalia kama za jana.

Sasa nafika mahali ambapo Yasmin aliniomba nipite haraka, nami sipiti. Wote mnamjua Nassibu Ally, fundi mitumbwi wa Mbuchi, yule pale, usiiname Nassibu. Huyu ni mtani wetu tangu enzi za babu zetu, na mtani ana haki zake, msibani anatutukana, anamwigiza marehemu, analala mlangoni kuzuia jeneza mpaka apewe kitu. Mwanzoni mwa mwaka 1998, mafuriko yale makubwa yalipokuja, Gharibu aliwahamishia watoto Dimani kwa wakwe, na mtumbwi haukuwa na nafasi ya besi, akampelekea Nassibu, ambaye nyumba yake iko juu, akamwambia maneno matatu tu, mtani, weka pakavu. Nassibu akaweka pakavu. Lakini fundi mitumbwi akiona mbao imekaa kimya bila mafuta usingizi haumjii, akachukua mafuta ya papa anayoipaka mitumbwi isiliwe na fukusi, akalipaka mbele na nyuma, akalirudia mkono wa pili, na palipokuwa na tundu akamimina.

Gharibu aliporudi alilikuta linang'aa kama bwana harusi, linanuka kama gati, na liko bubu. Ndani ya besi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, ndiyo sikio la gitaa, na sikio lile lilikuwa limejaa mafuta, waya umeoza. Nassibu akasema, ni maji ya mafuriko hayo, mtani. Akaulizwa harufu, akasema, maji yalikuwa na samaki. Akaapa. Tena akageuza kuwa mzaha, kila akipita mlangoni anapiga kelele, Gharibu, gitaa bubu la nini, lichonge liwe kafi, angalau utapiga maji ufike Nyamisati! Watu wakacheka, paka nao wakawa wanalala chini ya dirisha la kile chumba.

Mdogo wangu hakugombana, alijibu mara moja tu, akasema, litasema, na likisema litakutaja.

Akaanza kazi. Alilifungua lote, akalizika ndani ya unga wa chaki unyonye mafuta, akabadilisha unga, akabadilisha tena, lile sikio akalivua waya uliooza na kulizungushia waya mwingine aliotoa katika redio mbovu, mzunguko kwa mzunguko, mchana, mlangoni penye mwanga, waya ukikatika anaanza upya, na ulikatika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Shingo iliyopinda aliinyoosha kwa spana, robo mzunguko, kisha anaacha wiki. Rangi hakuigusa, fundi mmoja wa Kibiti alitaka kuipiga msasa aipake upya ing'ae, Gharibu akamfukuza, akasema, uzee wake ndio sauti yake. Miaka sita besi halikusema, na kila mwaka Nassibu alikuwa na mzaha wake wa kafi wa kutuchekesha.

Tarehe 12 Juni 2004 Nassibu alikuwa anamwoza binti yake, pale pale Mbuchi, mpiga kinanda aliyekodiwa hakutokea, na baba wa bibi harusi akaja mwenyewe kwa Gharibu, mikono nyuma, akasema, mtani, niokoe. Gharibu akavaa koti, akalitoa besi foronyani, akaliweka juu ya jamvi uwanjani, juani, wakati wanahangaika na jenereta. Jenereta lilipokubali, akapiga. Wanangu, mimi sina maneno ya muziki, najua tu kwamba sahani za bati zilitetemeka kwenye karai, vigogo vya mikoko vilivyopangwa ufukweni vikaitikia, na bibi harusi, aliyetakiwa kukaa ameinamisha macho, akainuka. Mtu hakubaki kitini. Hata mimi, na nilikuwa na goti.

Basi katikati ya furaha ile lile jua likafanya kazi yake, mafuta yaliyojificha ndani ya mbao yakaanza kutoka jasho, harufu ikatambaa mpaka kwenye mkeka wa wazee, na hapo alikuwa amekaa bibi Mwanaidi, mama yake Nassibu, ambaye macho yalikwisha kufunga lakini pua ilikuwa ya ujana. Akapaza sauti, Nassibu, nani kapaka mtumbwi humu arusini? Akajibiwa, hakuna mtumbwi, mama. Akasema, usinidanganye, haya mafuta ni yako, pwani nzima ni wewe peke yako unayeyachanganya na sandarusi, nimeyafua kwenye nguo zako miaka thelathini! Kila fundi ana mchanganyiko wake, hilo mnalijua, na muziki ukasimama, wakwe wapya wakageuka wote kumtazama, Nassibu kashika sahani ya pilau asijue aiweke wapi. Akasema, mtani, niliiona mbao kavu, nikaihurumia.

Watu walitaka amlipe mbuzi. Gharibu akasema, mbuzi simtaki, uliniambia nilichonge besi liwe kafi, basi deni langu ni kafi lako, lile la mti wa mkomafi uliloachiwa na baba yako, usilomwazima hata mwanao. Lakini usinipe leo. Siku nitakapokufa utakuja kunizuia mlangoni udai chako, siku hiyo hutapokea, utatoa. Nassibu akacheka, akafuta jasho, maana Gharibu alikuwa mzima, akadhani amesamehewa. Kisha besi likaendelea mpaka jua likazama.

Mwaka 2006 marehemu alihamia Kibiti, akasema hewa ya bara ni kavu, na mkewe aliuliza kavu kwa nani. Hapa aliokoa mabesi mengine mawili, moja alilikuta Mtunda limefanywa komeo la mlango, jingine lilikuwa la bendi iliyokufa, lilikuwa linaanikiwa nguo. Wakusanyaji wa vyombo vya zamani walitoka Dar kuja kuyatazama, wakataka kununua, akawanywesha chai na kuwasindikiza barabarani. Warda alifundishwa na baba yake mwenyewe, na leo ni Warda anayepanda jukwaani, kanga kiunoni, na Kibiti nzima inajua.

Alianza kuugua figo mwaka 2022, akatibiwa hapa Kibiti na baadaye Dar es Salaam, na alifariki jana Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, alasiri, nyumbani, akiwa amemwambia Warda nyuzi zisikazwe mno wakati wa mvua. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu tisa, na magitaa matatu ya besi, yote yanasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, akiwa mgonjwa mkaidi aliyekagua nyaya za mashine zao, inawashukuru majirani wa hapa na wa Mbuchi, kwa maji, kuni na kwa kuvumilia mazoezi, na wenzake wa Mikoko Jazi, waliobaki wawili, waliomcheka mwaka 1983 na leo wamekuja na fimbo.

Haya ya mwisho nimeyaongeza asubuhi hii. Nassibu amefika kutoka Mbuchi, kavaa koti la marehemu nyuma mbele, kashika kafi kama gitaa, akatuigizia Gharibu anavyong'ata ulimi akipiga, tukacheka mpaka Faudhia ndani akacheka, kisha akalala mlangoni kama desturi, akasema, jeneza halipiti, nipeni changu. Nikamwendea. Nikanyoosha mkono. Akaniangalia, akaangalia kafi, akasema, dada Mwantumu, hata sasa? Nikamwambia, hasa sasa. Akalibusu kafi la baba yake, akanikabidhi, akainuka mlangoni mikono mitupu, akaenda kushika mguu wa jeneza.

Nenda ukapumzike, Gharibu, pakavu. Kafi ninalo, Warda anataka lipasuliwe liwe kibao cha kulitundikia besi, na Nassibu amekubali kukichonga yeye mwenyewe, bila mafuta.