Mafuta ya Nabii Hayakujibu Barua ya Korti

Bwana asifiwe, kanisa! Na asifiwe tena, kwa sababu leo nitamsifu nikiwa nimekasirika, na nyinyi mtanivumilia.

Mnanijua. Mimi ni Mama Njeri wa Gatuanyaga, yule wa ng'ombe wawili na mbuzi, yule hufika ibada akiwa na vumbi mpaka kwa nyusi. Sijawahi kusimama hapa mbele. Nimemwomba pasta dakika chache kwa sababu wiki iliyopita nilisikia ushuhuda wangu ukitolewa na mtu mwingine.

Dada yangu Wairimu alinipigia simu kutoka Ruiru. Akaniambia kuna video inazunguka. Nabii mmoja mwenye hema huko Ruiru anawaambia watu kwamba mjane wa Gatuanyaga alishinda kesi ya shamba kwa sababu alizika barua ya korti pamoja na mafuta yake ya upako. Watu wanapiga vigelegele. Wanapanga foleni wanunue chupa! Ndugu zangu, mjane huyo ni mimi. Kesi nilishinda, lakini mengine yote aliyosema ni uongo, isipokuwa kitu kimoja. Barua niliizika kweli. Nusura na mimi inizike.

Sikizeni vile ilikuwa.

Shamba letu tulilinunua mimi na marehemu mume wangu, Kinuthia, miaka kumi na saba imepita. Aliyetuuzia ni jirani yetu, Mzee Ng'ang'a, mtu mpole. Makubaliano yaliandikwa kwa karatasi ya daftari la shule. Mashahidi wawili wakatia sahihi. Tulipomaliza kulipa, mzee mwenyewe aliandika hapo chini kwamba amepokea yote na hana neno. Lakini hatimiliki ilibaki kwa jina lake. Kila tukimkumbusha anasema, "Tutaenda bodi ya ardhi mvua ikipungua." Mvua ya Gatuanyaga, ndugu zangu! Ipungue ibaki nini?

Hatukusukuma. Tulijenga nyumba ya mawe, vyumba viwili. Tukapanda miti ya ua. Mzee akafariki. Baadaye Kinuthia wangu naye akafariki, nikamzika hapo hapo shambani. Mnakumbuka, wengi wenu mlikuja. Na kati ya wanaume walioshika koleo wakajaza kaburi alikuwa Muiruri, mtoto wa mwisho wa Mzee Ng'ang'a, mtu mzima mwenye familia yake Githurai. Alinipa mkono wa pole. Akaniita tata, yaani shangazi.

Mwaka haukuisha. Muiruri alienda akafanya mambo ya urithi, akaandikisha ardhi yote ya babake kwa jina lake, pamoja na kipande changu. Mimi sikujua lolote. Siku moja saa sita mchana mtu akaja na bodaboda, akaniuliza jina, akanipa karatasi nyingi zilizobanwa pamoja. Nikatia sahihi. Kulikuwa na jua kali, nikampa kikombe cha maziwa lala, akanywa, akashukuru, akaenda. Ndipo nikasoma. Muiruri amenishtaki. Anasema mimi ni mvamizi. Mimi! Anataka korti initoe na ibomoe nyumba. Na chini imeandikwa kwamba niko na siku kumi na tano za kujibu.

Binti yangu Njeri anafanya kazi mbali, sikutaka kumtia wasiwasi. Nikamwendea mzee mmoja wa kanisa letu. Mzee huyo ameketi hapa leo, tumesameheana, na ameniruhusu niseme. Aliniambia, "Mama Njeri, mwamini hapeleki mtu kortini. Nyamaza, Bwana atakupigania." Lakini ndugu zangu, mimi sikumpeleka mtu kortini! Mimi ndiye niliyepelekwa! Kwa nini anayeburutwa ndiye anaambiwa anyamaze?

Nikaenda kwa Wairimu, Ruiru. Wairimu kwa upendo wake akanipeleka kwa hema. Nabii alishika barua yangu na vidole viwili kama kitu kichafu. Hakusoma hata mstari mmoja. Akasema huo ni mshale wa adui, na kwamba nikiujibu nitakuwa nimeupokea. Niupake mafuta yake, niuzike chini ya mlango, nifunge siku saba.

Nikamuuliza, "Na hiyo tarehe imeandikwa hapo, baba?"

Akasema, "Mbinguni hakuna tarehe."

Watu wakasema amina. Hata mimi nilisema amina. Hiyo amina bado inaniuma.

Nilifanya vile alisema. Nilichimba mbele ya mlango wangu, nikazika, nikamwaga mafuta, nikaimba. Siku kumi na tano zikapita, hakuna kitu. Miezi ikapita, hakuna kitu. Nikaanza kutembea na kifua mbele. Nikamwambia kila mtu sokoni kwamba adui ameaibika.

Kumbe kule Thika kesi ilikuwa inatembea bila mimi. Muiruri na wakili wake walienda, wakaongea wenyewe, hakukuwa na mtu wa kuwapinga. Siku moja natoka kukama nikakuta karatasi imebandikwa kwa geti. Korti imeamua. Nimepewa siku tisini nitoke na vitu vyangu, nisipotoka nitatolewa kwa nguvu.

Ndugu zangu! Niliangalia kaburi la Kinuthia nikajiuliza, mtu hutolewa kwa nguvu pamoja na kaburi? Nikampigia nabii. Akasema nifunge tena. Nikafunga. Nikapiga tena, msaidizi wake akasema imani yangu ni ndogo. Mara ya tatu hakuna aliyeshika simu. Mpaka leo sijui hao watu walilala namna gani.

Nikachukua karatasi ya kwa geti nikaenda korti ya Thika mwenyewe. Karani akaangalia namba, akapekua, akasema, "Mama, kesi yako imeisha."

"Imeishaje na sikuwepo?"

"Imeisha kwa sababu hukuwepo."

Hakunitukana. Alisema tu ukweli. Nikaenda nikaketi kwa benchi nje, nikalia bila aibu, kitambaa kikanidondoka. Mwanamke mmoja akakiokota, akakaa kando yangu. Alikuwa wakili, anaitwa Nyokabi, na siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kusaidia watu wasio na wakili. Akaniambia, "Niulize chochote. Hata kama unaona ni swali la kijinga."

Nikamwaga yote! Nilimuuliza kama karatasi ya daftari ni makubaliano ama ni takataka. Nikamuuliza kama mtu asiye na hatimiliki ni mwizi. Nikamuuliza kama mjane anaweza kusimama kortini kwa kitu alichonunua na mume wake. Nikamuuliza kama kesi iliyoisha inaweza kufunguliwa. Maswali yote niliyokuwa nayabeba kifuani, na hakuna siku nilikuwa nimemuuliza mtu anayejua! Nilikuwa nimeuliza wanaoomba kwa sauti kubwa.

Alijibu moja moja, polepole, kwa lugha yetu. Kuhusu hiyo ya mwisho akasema, "Inaweza kufunguliwa, lakini jaji atataka sababu. Kwa nini hukujibu barua?"

Hapo ndipo nilikosea tena. Wairimu alikuwa amenishauri niseme sikuwahi kupewa. Nikasema hivyo. "Sikuiona hiyo barua, wakili."

Nyokabi akaenda kwa karani, akarudi na nakala ya faili. Akanionyesha kiapo cha yule mtu wa bodaboda na sahihi yangu chini yake. Akasema, "Mama, nikienda na huu uongo, tumekwisha kabla hatujaanza. Niambie vile ilikuwa."

Niliangalia hiyo sahihi yangu. Unajua ni aibu gani, mtu wa miaka hamsini na nane kumwambia wakili kwamba alizika karatasi za korti na mafuta? Lakini nilihisi kitu kikinisukuma, na nikajua ni Bwana, kwa sababu shetani hajawahi kunisukuma niseme ukweli. Nikasema yote. Hema, mafuta, mlango, nyimbo. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Alisema, "Rudi nyumbani uichimbe uniletee."

Ndugu zangu, wokovu wangu ulianzia kwa hiyo benchi! Nilikuwa nimeokoka miaka mingi, lakini siku hiyo nilitolewa kwenye woga.

Niliichimba. Ilikuwa imelowa mafuta, imeshika udongo, mchwa wamekula pembe moja, lakini jina langu linasomeka. Nyokabi akaitoa nakala, akaandika kiapo changu na maneno yangu yote, nikaapa mbele ya kamishna wa viapo. Akakimbia kortini siku hiyo hiyo kuomba nisitolewe kwanza. Jaji akasimamisha mambo mpaka atusikize.

Siku ya kusikizwa wakili wa Muiruri alisimama akanidharau. Akasema korti si mahali pa kurekebisha ushirikina wa watu. Watu wengine kule ndani wakacheka. Nilikuwa nimeshika kiti hivi. Jaji akaniangalia, akaniuliza mimi mwenyewe, "Mama, kesi yako ikifunguliwa tena, utajibu?"

Nikasema, "Mheshimiwa, nitajibu mpaka mnichoke."

Akaifungua. Akasema mtu aliyedanganywa akaja na ukweli si sawa na mtu aliyedharau korti. Nililia tena, lakini hiyo ilikuwa aina nyingine ya kulia.

Kesi yenyewe ilichukua karibu miaka miwili. Sitawachosha. Upande wa Muiruri walisema makubaliano yetu yalikufa zamani kwa sababu hatukuenda bodi ya ardhi kupata kibali. Na ni kweli hatukuenda. Lakini Nyokabi alikuwa amenieleza. Kama makubaliano yalikufa, basi tangu siku tulipomaliza kulipa sisi tulikaa pale bila ruhusa ya mtu, wazi, kila jirani akituona. Na mwenye ardhi akikuacha ukae hivyo miaka kumi na miwili bila kwenda kortini kukutoa, haki yake ya kukutoa inaisha. Sisi tulikuwa tumepita miaka kumi na miwili Mzee Ng'ang'a akiwa angali hai! Muiruri alirithi jina kwa karatasi, hakurithi shamba.

Halafu siku yake ya kuulizwa maswali ikafika. Nyokabi hakupaza sauti.

"Kinuthia alipozikwa pale shambani, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisaidia... nilisaidia kujaza kaburi."

"Ulimwambia mjane kwamba anamzika mume wake kwa ardhi yako?"

Muiruri akaangalia wakili wake. Jaji akamwambia ajibu.

"Hapana."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kufurahia aibu ya mwenzangu. Lakini siku hiyo nilitamani Kinuthia asikie hilo neno moja.

Uamuzi ulisomwa kwa video, mimi nikiwa kwa ofisi ya Nyokabi kule Thika, naangalia jaji kwa kompyuta. Alisema maneno mengi ya Kiingereza cha sheria. Nyokabi akanishika mkono. Akaniambia shamba ni langu, na msajili wa ardhi ameamriwa aandike jina langu. Nikaketi sakafuni. Sikuwa nimeanguka, nilitaka tu kuketi chini. Ile hatimiliki iko na jina langu sasa. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote.

Sasa eleweni hasira yangu! Wiki moja baada ya habari kufika Ruiru, yule nabii asiyeshika simu alinipigia mwenyewe. Sauti tamu. Akaniambia niende kwa hema nikashuhudie vile mafuta yalifanya kazi. Nikamwambia, "Baba, mafuta yalinipotezea kesi. Kilichoirudisha ni ukweli na wakili." Akasema nisizime imani ya watu. Nikakata simu. Basi akaamua kushuhudia kwa niaba yangu!

Kuna mama ameketi kwa hilo hema sasa hivi na barua kwa kibeti. Siku zake zinahesabika, na anaambiwa mbinguni hakuna tarehe. Hilo ndilo linanichoma. Mimi nimepona, lakini yeye je?

Namshukuru Mungu. Simshukuru kwa miujiza ya chupa. Namshukuru kwa sababu alinipa mwanamke wa kuokota kitambaa, na akanipa mdomo wa kusema ukweli nilipokuwa na uongo tayari. Namshukuru kwa jaji aliyesikiza. Niliomba kila siku ya hiyo kesi, msidhani niliacha. Lakini niliomba nikiwa njiani kwenda kortini.

Na wewe uliyeketi hapa, una karatasi nyumbani hujaifungua. Mwenye nyumba amekuandikia, ndugu zako wanagawa shamba bila wewe, umeishi na mtu miaka yote na hujui kama sheria inakuona mke. Mwamini huyu Mungu. Hachukizwi ukiuliza. Kesho ni Jumatatu, na mimi nitakuwa kwa geti la korti saa mbili asubuhi. Ukiogopa kuingia peke yako, nitakuingiza kwa mkono.