Maua ya Kumpokelea Mkwe

Tulipotoka Tabora kwa treni, mama aliyekaa mbele yangu alimlalamikia jirani yake, muuza miche: "Mzee wangu, Oktoba wanakuja kumposa Recheli wangu, na jua limeua kila ua pale nyumbani."

"Panda haya, binti yangu. Jua ndilo chakula chake."

"Haya si ya makaburini?"

"Umewahi kumwona marehemu akimwagilia?"

Jina la kitaalamu la ua lile nililijua tangu masomo ya jioni, ila hakuna aliyeniuliza.

Mama alicheka, akachukua miche mitatu. Treni iliposimama Kigwa, aligeukia mlangoni. "Na wageni wakiuliza nani amezikwa pale kibarazani?"

"Waambie ni mchumba wa kwanza. Alikuja mikono mitupu."