Kwa Kinga Mpaka Fizi

Ukitaka kujua dunia inavyokwenda, ukiwa Baraka, mji ulio kando ya ziwa, usijisumbue na redio. Kaa kwenye benchi la Mama Pulchérie. Benchi lenyewe ni ubavu wa mtumbwi uliostaafu, umelazwa juu ya mawe mawili, na mmoja akinyanyuka bila kutoa taarifa, wa upande wa pili anakwenda chini na kikombe chake. Kahawa yake ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Jumamosi hiyo asubuhi mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka limeoshwa, na wenye benchi walikuwa wameshakaa: Guy, anayeitwa Kandambili kwa sababu baiskeli yake haina breki na yeye huisimamisha kwa kusugua kandambili kwenye gurudumu, Placide, anayeitwa Kilomita, ambaye anajua urefu wa kila safari, ingawa kila siku urefu ni mwingine, na Bonaventure, fundi cherehani, ambaye tangu juma lile wenzake walikuwa wamembatiza jina jipya, Parrain.

Jina hilo lilimpa raha na hofu kwa pamoja. Néhémie, mwenzao wa benchi aliyehamia Fizi, huko juu milimani, kwa wakwe, alikuwa amepata mtoto wa kwanza baada ya miaka mingi ya kusali na kunyamaza. Ubatizo ulikuwa kesho, na baba wa ubatizo, ndiye parrain, ni Bonaventure. Lakini lori moja lilikuwa limezama matopeni katikati ya barabara ya Fizi, likaiziba; magari yamerudi, pikipiki zimerudi. Kilichoweza kupita ni kinga tu, ndivyo wanavyoiita baiskeli huku, kwa kuwa kinga ukishindwa kuipanda unaibeba. Hapo wote walikubaliana. Njia ndiyo iliyowashinda.

— Tunapita pori, Guy alisema. Kwa barabara kubwa jua itatukaanga kama samaki ya ndagala. Porini miti iko inavuta upepo, upepo iko inavuta kinga. We unakaa tu juu, unaimba.

— Mulima iko mulima, hata kwa kivuli, Placide akajibu. Mi nasema tupitie Lulimba.

— Lulimba? Si iko mbali kupita Fizi!

— Ndiyo akili yenyewe. Tunapita Fizi pembeni bila kuiangalia, tunafika Lulimba, tunageuza. Bantu bote banaingia Fizi na kupanda, banahema kama mbuzi. Sisi tutaingia na kushuka, kama baministre.

— Na ya kufika Lulimba, hautapanda?

— Bazee balisema njia ya muongo iko fupi. Basi tutafute muongo mumoja atuongoze.

— Mwenyewe si uko hapa? Mama Pulchérie aliuliza, akimwaga kahawa kwenye vikombe.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Bonaventure alicheka kuliko wote, kisha akatia kuni kwenye moto.

— Bandugu, munasahau kitu. Hauwezi kuanza mulima na kinga yenye imelala. Tuanzie Nundu.

— Nundu! Guy aliruka. Fizi iko huku, we unatupeleka kule?

— Tuchukue kasi kwanza. Ndiyo maana banasema haraka haraka haina baraka. Muntu wa haraka haanzie Baraka. Anaanzia Nundu, akipita hapa anapita kama jiwe ya manati.

Yeye mwenyewe hakuamini neno hata moja. Zamani, kwenye mteremko wa barabara hiyohiyo, mnyororo ulimkatikia, akaruka juu ya usukani na kuvunjika bega. Tangu hapo kinga yake ilining'inia ukutani kwenye chumba cha cherehani kama picha ya marehemu. Kila juma aliijaza upepo, akaifuta vumbi, akairudisha ukutani. Alimpenda mtoto yule ambaye hajamwona. Usiku alimshonea kanzu nyeupe ya ubatizo, akairudia kola mara nyingi mpaka sindano ikachoka. Lakini mteremko ulimrudia kila alipofumba macho. Na asubuhi hiyo alikuwa amegundua jambo: maneno yakitembea, miguu inapumzika.

— Nundu hapana, Placide alisema, sauti imeshuka kama anayetoa siri ya serikali. Tufuate Misisi. Chini ya Misisi iko dhahabu. Dhahabu iko nzito. Kitu nzito inavuta chuma. Kinga iko nini?

— Chuma, Bonaventure akamsaidia haraka.

— Umeona? Tunakanyaga kidogo hapa, kisha Misisi yenyewe inatuvuta. Tukiona Fizi, tunashika breki.

— Na mi mwenye sina breki?

— We utafika Misisi.

Katika vicheko hivyo ndipo alipofika mwanamke akisukuma kinga, kitenge amekifunga vizuri, kikapu nyuma. Mama Pulchérie alimjua: Kezimana, Mrundi, mkulima wa upande wa kambi ya wakimbizi, mwenye sauti ambayo kwaya nzima huegemea. Alisalimia, akapewa kikombe, na Mama Pulchérie akaligeuza birika kichwa chini. Tone moja lilidondoka. Kahawa imekwisha.

Kezimana alisikiliza Lulimba, akasikiliza Misisi, akasikiliza miti inayovuta upepo. Kisha akauliza kwa upole:

— Bapapa, munaondoka saa ngapi?

Guy aliitazama kandambili yake. Placide alilitazama ziwa, kana kwamba jibu lingekuja na mtumbwi. Bonaventure alikunywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

— Naulizia juu sijafikaga Fizi, Kezimana aliendelea. Kwaya yetu inaimba kesho kwa ubatizo ya mutoto wa Néhémie. Benzangu banangojea lori itoke. Mi nimechoka kungojea. Nitaenda nikiulizauliza.

Bonaventure alihisi uso unamwaka. Mtu ambaye hajafika Fizi hata siku moja anakwenda kumwimbia mtoto wa Néhémie, na yeye, baba wa ubatizo, anaipeleka safari Nundu! Akanyanyuka. Benchi likafyatuka, Placide akaenda chini na kikombe.

— Ningojeeni, alisema. Naenda kuchukua kinga.

— Ya ukutani? Guy aliuliza.

— Ya ukutani. Na kanzu ya mutoto.

Walitoka wanne. Penye lori walibeba kinga mabegani, matope magotini, na dereva aliyekuwa amelala kivulini akawapungia mkono bila kufungua macho. Kisha barabara ikaingia msituni, ikagawanyika kuwa vijia vya kukwepa matope, na kuanza kupanda. Kila njia panda walimuuliza aliyekuwepo. Muuza makaa alisema kushoto. Mama aliyechimba mihogo alisema kulia. Mchungaji mmoja wa kanisa aliyekuwa akienda kwa miguu alisema njia zote zinakutana, wala hakusema wapi. Kezimana aliimba, na miguu yao ikafuata wimbo. Hata Placide aliacha kuhesabu, akashika sauti ya pili.

Halafu ukaja mteremko. Mwekundu, mrefu, unapinda chini ya miti na kupotea. Kezimana na Placide walishuka wakipiga kelele. Bonaventure alisimama, mikono imekaza usukani. Akashuka kwenye kinga, akaanza kuisukuma, macho chini.

Guy, ambaye maisha yake yote alikuwa akisubiri mteremko kama ule, naye akashuka, akaisukuma yake pembeni mwake.

— Kandambili, we shuka tu, Bonaventure alisema.

— Kandambili imelowa. Haishike.

Bonaventure aliitazama. Ilikuwa kavu kama majivu. Walitembea mpaka chini, ubavu kwa ubavu.

Walipofika kwenye mteremko wa pili, Bonaventure alisimama tena.

— Imekauka?

— Imekauka.

— Basi twende.

Akapanda, akaachia. Upepo ulimjaa shati, miti ikakimbia pande zote, na kelele iliyomtoka ilifukuza ndege matawini. Juu ilikuwa kelele ya woga. Alipofika chini ilikuwa kicheko, na machozi yalikuwa yamemfika masikioni.

Fizi waliiingia jioni, jua likiwa bado linachungulia, wekundu kwa matope mpaka nyusi. Néhémie alitoka mbio bila viatu, akawakumbatia wote kwa pamoja, kinga zikaanguka rundo moja uani. Mkewe Fanny alimweka mtoto mikononi mwa Bonaventure hata kabla hajanawa.

— Na barabara imefungwa! Fanny alishangaa. Mumepita wapi sasa?

Placide alianza kuhesabu kilomita kwa vidole, akapotea. Guy alimtazama Kezimana. Kezimana akainua mabega, akaanza kucheka, nao wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Bonaventure peke yake hakusikia swali. Alikuwa anamtazama mtoto akipiga miayo.